Abigaili Kapanda Juu Mno

Jumatatu, 26 Aprili 1847

Amemaliza! Konradin ameshuka ngazi mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akipiga kelele kama nyumba inaungua. Trine, mpishi wetu, akakamata ndoo ya maji. Nusura ammwagie. Kumbe si moto, ni Abigaili.

Miaka miwili tumeishi na huyo mwanamke humu ndani. Tukila, yupo. Tukilala, yupo katikati yetu. Ni yule wa kwenye Biblia, mke mwenye akili wa Nabali mpumbavu — mume kamtukana Daudi, Daudi anakuja na watu wake na panga, na mke anapakia punda mikate na divai, anatoka kwenda kumtuliza bila kumwambia mumewe neno. Konradin amekitia muziki kisa chote: kwaya ya mji, fidla, tarumbeta, na ile ogani mpya wanayoijenga ukumbini. Kitaimbwa Pentekoste kwenye tamasha, na watu watakuja kutoka kando zote za mto Rhein. Niliwahi kumuuliza kwa nini kachagua kisa cha mume mpumbavu. Akasema hakukichagua, kilimjia chenyewe. Haya.

Akanivuta hadi kwenye piano, mikono yangu bado ina maji ya kuoshea asparagasi. “Burgi, jaribu hii. Polepole, Mama asisikie.” Ni wimbo wa Abigaili anapotoka nyumbani. Unaanza chini, kama mtu anayenong'ona na nafsi yake, halafu unapanda, unapanda, na pale anapomwona Daudi kwa mbali kuna sauti moja juu kabisa. Nikaifikia, nikaishika. Raha niliisikia mpaka kwenye vidole vya miguu!

Hapo hapo fimbo ya mama mkwe ikagonga dari kutoka chumba cha juu. Gu, gu, gu.

Basi, ndiyo desturi ya nyumba hii. Mimi nilikuwa Walburga Zeisinger wa majukwaa ya Bavaria. Watu walinirushia maua, na safari moja kofia. Konradin aliponiposa, mama yake alitoa sharti moja tu. Huyu ni Mama Mchungaji — baba mkwe alikuwa mchungaji, akafa, cheo kikabaki na mjane. Akasema mke wa nyumba yao hapandi jukwaani. Nilikubali. Nilikuwa kijana, na nilimpenda mtu anayesahau kuvaa soksi. Bado nampenda. Lakini huu wimbo nautaka! Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Nautaka, nautaka, nautaka.

Ataimba Binti Terzani wa Frankfurt.

Alhamisi, 29 Aprili

Kahawa ya akina mama, safari hii kwa Mama Diwani. Mji huu mwanamke akiolewa, jina lake linawekwa kabatini pamoja na gauni la harusi. Kuna Mama Diwani, Mama Daktari, Mama Mwanasheria. Hata mke wa mkaguzi wa ushuru ni Mama Mkaguzi, na ukimwita vingine haitiki. Mimi ni Mama Mkurugenzi wa Muziki. Mtu akilimaliza lote, kahawa imeshapoa.

Wote hawa wanaimba kwaya. Wote! Kasoro mimi. Mama Daktari, yule mwembamba anayecheka kwa pua, akanichokoza: “Mama Mkurugenzi, wewe kweli huimbi hata na sisi huku nyuma? Sauti yako unamwekea nani?”

Mama mkwe akajibu kabla sijameza mate. “Mkwe wangu ana shughuli za nyumbani.”

Wakahamia kwa binti wa meya, aliyeimba peke yake mwaka jana. Kwenye karatasi ya tamasha, mahali pa jina lake, zilichapwa nyota tatu. Ndivyo inavyofanywa hapa. Mwimbaji wa kazi, aliyeitwa kutoka mbali, anatajwa. Mwanamke wa watu akiimba ni nyota tatu, asije akaonekana anajitangaza sokoni. Bila shaka ukumbi mzima ulijua ni yeye, maana pua ile ya kina meya haifichiki. Lakini adabu ni adabu. Mama mkwe akasema huo ndio uzuri wa mji huu.

Mimi nilichukua kipande cha tatu cha keki, ili mdomo uwe na kazi.

Ijumaa, 7 Mei

Mazoezi yanafanyikia kwetu, maana ukumbini mafundi wa ogani wamejaza mbao na vumbi. Sebule haitoshi. Soprano sebuleni, alto barazani, wanaume kwenye ngazi, na sauti za chini kabisa ziko jikoni kwa Trine, anayelalamika kwamba zinadonoa soseji. Resi, mtoto wetu, kajificha chini ya piano, anaimba “Nabali, Nabali” kwa sauti yake ya kibata. Miaka minne, na tayari anaharibu mapigo kuliko Mama Mkaguzi.

Asubuhi alikuja Bwana Schimmelpfeng kurekebisha nyuzi za piano. Wakagombana na Konradin, kama kila mwaka. Mume wangu ana uma wake wa kupimia sauti, aliachiwa na mwalimu wake marehemu. Anaugonga gotini, ting! — na piano lazima ifuate huo. Bwana Schimmelpfeng akasema, “Bwana Mkurugenzi, kila mji una mkate wake, bia yake, na kipimo chake cha sauti. Hapa kwetu tunavuta nyuzi juu zaidi.”

“Hapa kwenu mnakosea,” akasema Konradin.

“Sawa, bwana. Tumekosea tangu enzi za babu zetu, na tumezoea.”

Akavuta nyuzi kwa kipimo cha marehemu, akanywa kahawa yake, akaenda zake. Nilicheka sana.

Jumatano, 12 Mei

Mvua. Resi ana mafua. Konradin kavaa vizibao viwili, kimoja juu ya kingine, akaenda hivyo hivyo mpaka kwa meya. Meya hakusema kitu. Umaarufu ni kitu kizuri! Mtu mwingine angeambiwa.

Jumatatu, 17 Mei

Binti Terzani ameshuka kwenye meli ya moshi na masanduku kama ya malkia na kambwa kanakovaa utepe. Analala chumba chetu cha wageni. Kambwa kanalala kwenye kiti cha marehemu mchungaji, na mama mkwe kanyamaza! Mimi nikiweka hata kapu la nyuzi pale, nasomewa mahubiri.

Trine amechunguza: baba yake ni mwokamikate wa Kassel, jina Terzen. “Kaongeza tu kipande cha Kitaliano mwishoni, bibi, kama siagi.” Nikamwambia asimsengenye mgeni. Halafu nikamuuliza amejua vipi, akaniambia yote.

Sasa niseme kweli, hapa hapana wa kunisikia. Anaimba vizuri. Nilitamani aimbe vibaya, nikae nimkosoe moyoni, nijipoze. Wapi! Sauti laini, safi. Ila ile ya juu kabisa anaifikia kwa shida, kama mtu anayetoa mtungi juu ya kabati kwa ncha za vidole. Anaufikia. Unateremka mzima. Lakini wote tunashusha pumzi.

Konradin ana furaha, anambusu kila mtu mkono, hata Trine.

Alhamisi, 20 Mei

Balaa! Balaa, tena la kujitakia!

Ogani imekwisha jana. Leo ndiyo mara ya kwanza kwaya, fidla, askari wa tarumbeta kutoka kambini na ogani kukutana pamoja ukumbini. Bwana Loh, mpiga ogani, kavaa koti jipya kama bwana harusi. Konradin akainua kijiti. Ogani ikanguruma, tarumbeta zikaitikia, vioo vikatetemeka — nikatokwa machozi pale safu ya mbele, naapa.

Halafu kwaya ikaingia. Mama yangu! Akina mama walikodoa macho kama kuku anayepimwa shingo. Soprano zikapiga yowe. Wanaume wakawa wekundu. Konradin akasimamisha, akawaambia watulie, woga tu huo. Wakaanza tena. Yowe lile lile.

Ikafika zamu ya Binti Terzani. Akapanda, akapanda, akakaribia juu kabisa, halafu akafunga mdomo katikati ya neno. Akasema taratibu, “Bwana Mkurugenzi, mimi ni mwimbaji. Si birika la chai.”

Ndipo Konradin akatoa uma wake mfukoni. Akaugonga. Ting! Bwana Loh akabonyeza ogani sauti ile ile, inayotakiwa kuwa sawa. Haikuwa sawa. Ogani ilikuwa juu, tena si kidogo. Hata Resi angesikia.

“Ogani yako imepanda!” mume wangu akafoka.

“Ogani yangu iko kwa kipimo cha mji, bwana,” akasema Bwana Loh, naye kageuka mwekundu. “Piano yako ndiyo iko shimoni.”

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Miaka miwili mume wangu ametunga kila kitu kwa piano iliyolegezwa, kwa sababu ya uma wa marehemu, na hakuna kati yetu aliyefikiri. Kumbe muziki wote wa Abigaili, kwa kipimo cha hapa, umepanda ngazi nzima! Kwaya watajikaza, ni wengi, watafichana. Lakini ule wimbo wa peke yake hauna pa kujificha. Ati washushe? Bwana Loh angeweza kushusha kwa vidole vyake, abonyeze vitufe vya chini zaidi. Tarumbeta na klarineti haziwezi, zimetengenezwa kufuata kipimo cha mji, na kuandika upya karatasi za watu wote hao kabla ya Jumapili, nani?

Binti Terzani alisema ana msimu mzima wa kuimba mbele yake, na koo ana moja tu. Sikumlaumu. Hata mimi ningesema hivyo.

Konradin kala supu kwa uma. Wa mezani, si ule.

Ijumaa, 21 Mei

Leo nina mengi. Nianze mwanzo.

Binti Terzani kaondoka na meli ya asubuhi, na kambwa kake. Konradin kakaa kando ya jiko la moto, na nje ni Mei! Anasema atawaandikia watu wa tamasha waufute wimbo. “Abigaili atoke nyumbani kimyakimya.” Nikamwambia Abigaili bila wimbo wa kutoka ni mwanamke aliyepotea tu.

Nikachukua kikapu, nikasema naenda sokoni.

Sikwenda sokoni. Nilikwenda ukumbini kwa Bwana Loh, nikamkuta anakula mkate na jibini juu ya kiti cha ogani. Nikamwambia, “Bwana Loh, nipigie wimbo wa Abigaili. Kwa kipimo cha mji.” Akanitazama juu mpaka chini, na kikapu changu. Akafuta vidole kwenye suruali, akapiga.

Kwanza koo lilikuwa kavu. Miaka saba nimeimba nyimbo za kubembeleza mtoto tu! Nikafikiri, Burgi, unajiaibisha, rudi ukanunue vitunguu. Lakini wimbo una namna yake ya kukuchukua. Ulivyopanda nami nikapanda, na pale juu kabisa sikutafuta kitu, nilikikuta. Pale ndipo sauti yangu inapokaa! Kwenye piano yetu ulikuwa mzuri. Kule juu ni wangu. Nilicheka huku naimba, jambo ambalo mwalimu wangu angenipigia rula.

Bwana Loh alipuliza pua kwa muda mrefu. Akasema, “Mama Mkurugenzi, ndege huyu mmemfungia wapi siku zote hizi?”

“Juu ya jikoni,” nikasema.

Nikakimbia nyumbani, kikapu kitupu. Nikamwambia Konradin pale pale kando ya jiko. Alicheka, akalia, akanibeba, akaniangusha. Nilijigonga kiwiko. Kelele zikamleta mama mkwe ngazini.

“Uliapa,” akaniambia baada ya kuelezwa.

“Niliapa, Mama.”

“Mbele ya marehemu mchungaji.”

“Mbele ya picha yake, Mama. Na yeye hakusema kitu.”

Trine akakohoa jikoni. Mama mkwe si mtu mbaya, niandike na hilo. Alikaa, akashika fimbo yake kwa mikono yote miwili, akafikiri. Mwisho akasema, “Mume yuko shidani. Mke anamsaidia. Hilo halina jukwaa ndani yake, hilo ni unyumba. Ataimba. Nyota tatu.”

Konradin akambusu. Wote wakafurahi! Mimi nikajisikia ninasema, “Hapana.”

“Hapana nini?”

“Jina. Nataka jina langu kwenye karatasi. Si Mama Mkurugenzi, si Bibi Vollrath. Walburga Zeisinger.”

Mama mkwe akasema hilo ni jina la jukwaani. Nikasema ni jina la baba yangu, fundi viatu, na alilivaa hadi kaburini bila doa. Konradin akaingia kati, sauti ya asali: “Burgi, mpenzi, kila mtu atajua ni wewe.”

“Kama kila mtu atajua, wino mnaubania nini?”

Akamtazama mama yake. Akalitazama jiko. Akanitazama mimi. “Nitazungumza na mchapaji,” akasema.

Sijui kwa nini nalitaka hivi. Hapana, najua. Nimekuwa na furaha humu ndani, simlaumu mtu. Ila leo pale juu sikuwa mke wa mtu wala mama wa mtu, na sikuwa na dhambi yoyote. Huyo aliyekuwa pale ana jina.

Jumamosi, 22 Mei

Karatasi zimeletwa. Nzuri, zina pambo la majani pembeni. “Abigaili — * * *”.

Nyota tatu!

Nikamwita. “Konradin Vollrath. Ulizungumza na mchapaji?”

“Nilifika kwa mchapaji,” akasema, anachezea kifungo. “Mama alikuwa ameshafika.”

“Ukafanya nini?”

“Nikamsaidia kupanda gari.”

Nilitaka kumrushia kitu, lakini kilichokuwa karibu ni kikombe cha harusi. Nikasema siimbi. Nikaenda jikoni kumenya asparagasi kwa hasira, nikazimenya mpaka zikabaki nyembamba kama sindano. Trine akaninyang'anya kisu. “Nyota ni za marehemu waliokwenda mbinguni, bibi,” akasema. “Wewe mbona bado unamaliza siagi yangu?” Nikacheka. Huwezi kununa mbele ya Trine, hakupi nafasi.

Kabla ya chakula cha mchana mlango ukagongwa. Mama Diwani, mnene, mpole, hajawahi kuja kwangu bila mwaliko. Nyuma yake Mama Daktari na Mama Mkaguzi na wengine, kama nusu ya soprano. Nikajua wametumwa kunibembeleza. Nikajikaza kabisa.

Mama Diwani akasema, “Jina langu ni Apollonia.”

Nikasahau kuwakaribisha ndani.

“Nimeimba kwaya hii tangu iundwe, na hapa hapana anayelijua jina hilo ila Diwani, naye nadhani ameshalisahau. Sikuja kukuambia uimbe. Nimekuja kukuambia hilo tu.”

Mama Daktari akacheka kwa pua yake. “Mimi Kunigunde. Msicheke.” Tulicheka mpaka tukakaa kwenye ngazi. Mama Mkaguzi ni Sibylla! Kumbe uso ule wote ni wa Sibylla. Nikawatolea divai ya Mei yenye majani, ile ya kesho, tukaimaliza. Wakaondoka bila kunibembeleza hata kidogo.

Kwa hiyo nimekwenda mazoezini mchana. Nimeimba. Siwezi kuwaachia akina Apollonia wapige yowe peke yao. Nilipomaliza, wapiga fidla waligonga nyuta zao kwenye stendi za karatasi za muziki, tak tak tak tak, na wale askari wa tarumbeta wakapiga miguu chini. Kwa mpiga muziki hiyo ni zaidi ya makofi. Konradin alinitazama tu, kijiti kimening'inia, kama siku ile ya kwanza kule Bavaria.

Mezani mama mkwe ndiye aliyesema. Alisema amefurahi mambo yamekaa kwa heshima, na kwamba mtu yeyote akithubutu kulitaja jina la jukwaani kesho, yeye anasimama safu ya mbele, mbele ya meya na mbele ya Mungu, anatoka. Alisema bila kupandisha sauti. Alimtazama mwanawe, si mimi. Konradin akaomba chumvi.

Na mimi kwa kweli nimeshakubali. Nyota tatu basi. Wimbo ni wimbo. Bado moyo unaniuma kidogo, lakini kiwiko kinaniuma zaidi.

Jumapili, 23 Mei. Pentekoste

Naandika kwa penseli, kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Sehemu ya kwanza inakwisha. Mimi ninaanza ya pili. Nimekuja na daftari ili mikono iwe na shughuli, la sivyo nitakula utepe wa gauni. Gauni la kijani. Limebana — keki za Mama Diwani! Apollonia. Nizoee.

Ukumbi umejaa hata madirishani. Kupitia ufa wa mlango naona safu ya mbele: meya, pua ya binti wa meya, halafu mama mkwe na kofia yake ya rangi ya zambarau, imesimama juu ya vichwa vyote kama mnara wa kanisa. Resi kamkalia mapajani. Trine yuko ukutani, analia tayari, na bado sijaimba.

Kwaya wamejikaza vizuri mno! Walipiga yowe mahali pawili tu, na watu watafikiri ni maadui wa Daudi.

Makofi. Sehemu ya kwanza imekwisha. Bwana Loh kanigeukia, kanikonyeza. Nina baridi ya miguu. Nina furaha.

Konradin amerudi mbele. Kanyoosha kizibao — kimoja leo, nimekagua. Wamenyamaza. Kainua kijiti.

Hapana. Kakishusha.

Anageuka. Anawageukia watu! Konradin hajawahi kusema na watu jukwaani, hata walipompa shada la dhahabu huko Leipzig alikimbia na mkoba wa mtu mwingine. Karatasi ya tamasha iko mkononi mwake, naiona kutoka hapa.

Anasema, “Mabibi na mabwana, kwenye karatasi zenu kuna kosa la uchapaji.”

Watu wanafungua karatasi zao. Zinachakarisha ukumbi mzima.

Anasema, “Ni kosa langu. Nilitakiwa kulisahihisha jana, nikaogopa. Mtaona nyota tatu. Hapana mtu anayeitwa nyota tatu.” Mtu kacheka. “Anayeimba Abigaili ni mwimbaji Walburga Zeisinger.”

Kalitaja. Lote, na sauti yake ikakatika katikati kama ya mvulana.

Mahali fulani kwenye kwaya mwanamke kasema “Ee!” — Sibylla, nafikiri. Hapana kofi hata moja. Kila mtu anatazama safu ya mbele.

Kofia ya zambarau inainuka.

Kamkabidhi Resi kwa binti wa meya. Kashika fimbo. Amesimama wima, mwili wake umenizibia wote walio nyuma yake. Hajapiga hatua. Konradin anamtazama, na hajashusha macho. Mume wangu! Hajashusha!

Bwana Loh hakungoja, ameshabonyeza. Ogani imeanza, hewa yote inatetemeka, hata penseli hii. Mlango ni wangu sasa. Mama amesimama bado, na siwezi kukaa hapa kuona anaelekea wapi.